Mbuzi wa kilo 20 hutoa nyama kiasi gani?

Familia zinazochanga fedha kununua mbuzi hapa Rusizi zisihesabu uzito wa mbuzi hai kuwa ndio nyama. Mbuzi wa kilo 20, akishachinjwa na kuondolewa ngozi, kichwa, miguu na matumbo, hubakiza kilo 9 hadi 10. Karibu robo ya hizo ni mifupa. Kichwa, maini na utumbo huliwa pia, hivyo kubalianeni mapema jinsi ya kuvigawana.

Mbuzi aliyekonda, au aliyeshibishwa majani na maji kabla ya kupimwa, hutoa nyama pungufu. Mpapase mgongoni na kiunoni: mifupa ikichomoza, nyama ni haba.

Ubora hutegemea pia saa za mwisho. Mnyama aliyeswagwa milimani hadi Kamembe akachinjwa papo hapo amemaliza sukari ya misuli, ambayo hugeuka asidi inayosaidia nyama isioze upesi. Nyama yake huwa nyeusi na huharibika haraka. Apumzishwe usiku kucha, apewe maji bila majani, kisha achinjwe machinjioni, ambako nyama hukaguliwa.