Kosa Lililojulikana kwa Miaka 23

Mkulima wa kule Zirai, milima ya Usambara, akimimina maziwa lita 20 kwenye ndoo ya lita 10, yanayozidi humwagika chini na hasara huiona papo hapo. Ndani ya kompyuta mambo si hivyo. Kinachozidi huingia kwenye chombo cha jirani na kufuta kilichokuwamo.

Waandikaji wa programu hawaanzi kila kazi upya. Wanayo maktaba ya vijiprogramu vilivyokwisha tengenezwa, na kila mmoja huazima humo. Katika maktaba ya lugha ya C, iliyozaliwa Marekani miaka ya 1970, kilikuwamo kimoja kiitwacho gets. Kazi yake ilikuwa kupokea mstari unaoandikwa kwenye kibodi. Kasoro yake, au mdudu kama mafundi wasemavyo, ni kwamba hakikuuliza chombo kina ukubwa gani. Kilipokea tu mpaka mstari uishe.

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni. Mojawapo ya njia zake ilikuwa gets. Mahali palipotengewa herufi 512 iliingiza 536, na kwa ziada hiyo kompyuta ikatii amri za mgeni. Ilikadiriwa kwamba kompyuta 6,000 hivi ziliathirika, sehemu ya kumi ya mtandao wa siku zile.

Morris alitiwa hatiani mwaka 1990, akatozwa faini ya dola 10,050. Na gets je? Viwango rasmi vya lugha ya C vilitolewa mwaka 1989, nacho kikiwamo! Programu nyingi za zamani zilikitegemea. Vitabu vya maelekezo vikaonya kisitumike, lakini hakikuondolewa mpaka viwango vya mwaka 2011. Ndugu yake fgets, anayeuliza kipimo kwanza, alikuwapo siku zote hizo.

Leo mishahara yetu, fedha za kwenye simu na kumbukumbu za hospitali hupita katika programu zilizojengwa kwa vipande vya kuazima. Anayetuuzia mtambo akisema kasoro inajulikana na onyo limekwisha andikwa, mimi namwuliza swali moja tu: mtaiondoa lini? Bango la hatari halijapata kuziba shimo la barabarani.