Kasi ya shata

Kasi ya shata ni muda ambao shata ya kamera hubaki wazi ili mwanga ufike kwenye filamu au, katika kamera ya dijitali, kwenye kihisi mwanga. Hupimwa kwa sekunde au sehemu za sekunde, kwa mfano 1/60, 1/250 na 1/1000. Muda huo ndio unaoamua kama mchezaji anayekimbia au ndege anayeruka ataonekana wazi pichani au kama ukungu.

Jinsi inavyofanya kazi

Kitu kikisogea wakati shata iko wazi, picha hurekodi mwendo wake. Mtu anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea takriban sentimita 13 katika 1/60 ya sekunde, lakini milimita 8 tu katika 1/1000. Kwa hiyo wapiga picha za michezo kwa kawaida hutumia 1/500 au kasi kubwa zaidi. Anayekatiza mbele ya kamera huhitaji kasi kubwa kuliko anayeijia moja kwa moja.

Kasi ikiongezwa mara mbili, mwanga unaoingia hupungua kwa nusu. Upungufu huo hufidiwa kwa kupanua tundu la lenzi au kuongeza ISO, ingawa ISO kubwa huleta chembechembe pichani. Ndiyo maana mechi ya mchana uwanjani ni rahisi kupiga kuliko ngoma ya usiku ukumbini.

Historia

Mwaka 1878 Eadweard Muybridge, mpiga picha mzaliwa wa Uingereza, alipanga kamera 12 kando ya njia ya mbio huko Palo Alto, California, kwa ufadhili wa Leland Stanford. Farasi alipopita alikata nyuzi zilizofyatua shata moja baada ya nyingine. Picha zilithibitisha kwamba farasi anayekwenda mbio huinua miguu yote minne kwa wakati mmoja, tena ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, si imenyooshwa kama wachoraji wengi walivyoionyesha.

Uchaguzi wa kamera

Kwa anayetafuta kamera rahisi ya bei nafuu, wingi wa megapikseli hausaidii kukamata mwendo. Mambo muhimu zaidi ni haya:

* Ucheleweshaji: muda kati ya kubonyeza kitufe na picha kupigwa. Kamera ikichelewa nusu sekunde, mpira umeshaingia golini. Kubonyeza kitufe nusu mapema, ili fokasi iwe tayari, hupunguza ucheleweshaji huo.
* Picha mfululizo: idadi ya picha kwa sekunde moja.
* Lenzi: namba f ndogo, kama f/2.8, huingiza mwanga mwingi kuliko f/5.6. Lenzi nyingi za bei nafuu hupoteza mwanga zinapovuta kitu cha mbali.
* Kukuza kwa lenzi: kukuza kwa kidijitali hukata tu sehemu ya picha na kupunguza ubora.
* Hali ya michezo: katika kamera nyingi huoneshwa kwa alama ya mtu anayekimbia, nayo huchagua yenyewe kasi kubwa ya shata.

Kamera ya mtumba yenye lenzi za kubadilisha mara nyingi hufaa kazi hii kuliko kamera ndogo mpya ya bei ileile. Kabla ya kununua, jaribio rahisi ni kupiga picha za watu au magari yanayopita nje ya duka, kisha kuzikuza kwenye skrini kuona kama ziko wazi.