Mvuke wa Olkaria

Katika zama ambazo umeme wa Mombasa ulitegemea mafuta yaletwayo kwa meli, na ule wa bara ukategemea kwa sehemu maji ya Mto Tana, wachimbaji walikwisha kufika Olkaria, kusini ya Ziwa Naivasha, wakatoboa visima viwili baina ya mwaka 1956 na 1959. Lakini visima hivyo havikutoa mvuke wa kutosha, nao wakaviacha. Wala si kwamba habari za moto ulio chini ya ardhi ile zilikuwa siri, kwani Wamaasai wameuona mvuke ukifuka katika nyufa za majabali tangu dahari. Kilichokosekana ni haja.

Haja hiyo ilitiwa nguvu na vita vya Mashariki ya Kati mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda takriban mara nne kwa muda wa miezi michache. Serikali ya Kenya, ikiauniwa na Umoja wa Mataifa, ilikuwa imekwisha kurejea Olkaria, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kufua umeme. (Aghalabu husemwa kuwa huo ndio uliotangulia Afrika nzima, ukasahauliwa mtambo mdogo wa Kiabukwa, Katanga, uliotumia maji ya chemchemi ya moto katika miaka ya 1950.) Ilipofika 1985 mitambo ilikuwa mitatu, megawati 45; kisha, mafuta yaliporudi kuwa rahisi, hima ikapoa.

Ukame wa 1999 na 2000 ndio uliowaamsha tena wakubwa, mabwawa yalipokauka, umeme ukagawiwa kwa zamu, na majenereta ya dizeli yakakodiwa kwa ghali. Olkaria ya pili ikafunguliwa 2003, na ya nne, ya megawati 140, mwaka 2014.

Aendaye huko hulakiwa na harufu ya kiberiti na mvumo usiokoma, kisha huona mabomba makubwa yakikata mbuga, yakiwa yamepindwa makusudi kila baada ya masafa ili yasipasuke yanapotanuka kwa joto, na mahali pengine yameinuliwa juu ili twiga wapite chini yake. Mvuke huo hauna mnada wala bandari. Gharama yake kubwa ni ya kuchimba.

Hata hivyo, kuhama mafuta hakujatimia. Msomaji wa Kenya anayetaka ushahidi na asome hesabu ya umeme wake: kifungu cha gharama ya mafuta kingalimo.