Ukiflashi Choo Kisumu, Maji Yanaenda Wapi?

Wasee, historia ya Kisumu tuliyofunzwa shule huanza na reli kufika ziwani mwaka wa 1901. Hakuna mwalimu alinitajia Kisat.

Kisat ni mtambo wa maji taka uliojengwa enzi za mkoloni, miaka ya 1950, kando ya mto wa jina hilo. Kazi yake si uchawi. Uchafu mzito unatuama chini, kisha maji yanamwagiwa juu ya mawe, na bakteria wanaoishi kwenye mawe wanakula uchafu uliobaki. Yakitoka hapo yanaingia mtoni, mto unaingia Ziwa Viktoria.

Shida ni kwamba mabomba yalichorewa mji mdogo wa wakati ule. Manyatta na Obunga zikajaa watu, wengi wakabaki na vyoo vya shimo. Mvua ikinyesha, uchafu unateremka ziwani bila kupitia mtambo wowote. Gugumaji linashiba. Na maji ya mfereji? Mengine yanavutwa kutoka ziwa hilo hilo, pale Dunga.

Niliacha chuo, lakini hii haihitaji digrii: tunakunywa tulichoflashi. Bomba la kwenu linaishia wapi? Uliza leo.