Shinikizo la Oili Kwenye Injini Iliyochoka

Taa nyekundu ya dashibodi yenye alama ya kopo la oili na tone linalodondoka husomwa vibaya kila siku. Ikiwaka, madereva wengi husema oili imepungua. Dereva huegesha lori na kuchomoa kijiti cha kupimia. Akikuta oili iko kati ya alama mbili, hukirudisha kijiti na kuendelea na safari akiamini taa ndiyo mbovu. Mwingine huongeza lita mbili, na taa ikizimika huhesabu kazi imekwisha. Wote wawili wamepima wingi, ilhali taa inazungumzia nguvu. Injini inaweza kuwa na oili kamili, safi, ya daraja sahihi, na bado ikajisaga kwa sababu oili hiyo haisukumwi vya kutosha kufika inakotakiwa.

Nguvu hiyo ndiyo gereji huiita presha ya oili. Kiswahili sanifu kina majina matatu ya kuchagua, na kila moja lina kwao. Wanafizikia wana kanieneo, neno lililoungwa kwa kani na eneo, na muungo wake ndio kanuni yenyewe: kani igawanywe kwa eneo. Watabiri wa hali ya hewa wanasema mgandamizo, ndiyo maana redio hutangaza mgandamizo mkubwa au mdogo wa hewa baharini. Madaktari wana shinikizo la damu, ambalo mitaani limebaki kuwa presha tu.

Kwa injini, mgandamizo uachwe. Ndani ya silinda kuna jambo jingine linalostahili jina hilo, yaani pistoni kupanda na kuibana hewa hadi ikawa na joto la kuwasha dizeli, jambo ambalo mafundi huliita kompresheni. Fundi hupima kompresheni kwa geji moja na presha ya oili kwa geji nyingine, na majibu yake huelekeza magonjwa tofauti kabisa. Tukiyapa yote mawili jina la mgandamizo, mwanafunzi wa ufundi atakuwa amepotea kabla hajashika spana. Kanieneo ni neno safi darasani na sina ugomvi nalo, lakini halina kitenzi. Huwezi kusema pampu inakanieneza oili. Shinikizo lina shinikiza, na kushinikiza ndiyo hasa kazi ya pampu. Mimi nachagua shinikizo kwa maandishi, na presha kwa mazungumzo ya gereji, ambako neno hilo limeshakaa na halina haja ya kufukuzwa.

Nusu ya pili ya istilahi ndiyo yenye hatari. Vipo vitabu na tafsiri zinazoandika "shinikizo la mafuta". Mafuta gani? Kwa dereva wa lori, mafuta ni dizeli: anajaza mafuta, anakanyaga mafuta, anaishiwa mafuta. Dizeli nayo ina shinikizo lake, na kwenye injini za kisasa zenye bomba moja la pamoja linalolisha nozeli zote, shinikizo hilo huvuka bar 1,500. La oili ni bar chache tu. Mtu akiandika kwenye kadi ya matengenezo kwamba "shinikizo la mafuta ni dogo", fundi wa zamu inayofuata anaweza kufungua pampu ya dizeli wakati kranki inakatika. Kuna hata ugonjwa ambao hauwezi kuelezwa kwa Kiswahili bila kutenganisha maneno haya mawili: nozeli ikivuja, mafuta huteremka kandokando ya pistoni na kuingia kwenye oili. Kijiti kitaonyesha oili imepanda, wakati shinikizo lake limeshuka kwa sababu dizeli imeifanya nyepesi. Wingi umeongezeka, nguvu imepungua. Harufu ya dizeli kwenye kijiti hicho ni ushahidi ambao fundi makini haupuuzi. Kwa hiyo iandikwe oili, kama isemwavyo, na mafuta yaachiwe tangi.

Shinikizo lenyewe linatoka wapi? Wengi hujibu: kwenye pampu. Jibu hilo ni nusu. Pampu ya oili ya lori kwa kawaida ni jozi ya gia zinazozunguka na kusogeza ujazo fulani wa oili kila mzunguko. Kazi yake ni kusogeza. Shinikizo huzaliwa pale oili inapokutana na wembamba: vijitundu vya bloki, na hasa nafasi iliyopo kati ya kranki na beringi zake, ambayo ni sehemu ya kumi ya milimita au chini ya hapo. Ukiziba kwa kidole nusu ya mdomo wa mpira wa kumwagilia bustani, utaona bomba halijabadilika, lakini maji yanaruka mbali. Beringi zikilika, ni sawa na kidole kulegea. Na hesabu yake ni kali: upana wa nafasi ukiongezeka mara mbili, oili inayotoroka hapo huongezeka kwa takriban mara nane. Ndiyo maana injini iliyochoka haishuki presha polepole kwa mwendo uleule hadi mwisho. Huvumilia muda mrefu, kisha huporomoka.

Inafaa pia kujua kwamba shinikizo hili silo linalobeba mzigo wa pistoni. Kranki inapozunguka huivuta oili chini yake na kutengeneza utando wenye nguvu kubwa mno kuliko ya pampu, na chuma hakigusi chuma. Pampu inatakiwa kufikisha oili tu ili utando usikauke. Kwa hiyo namba kubwa kwenye geji si sifa. Injini baridi asubuhi huonyesha namba kubwa kwa sababu oili ni nzito, na vali ya kupunguza shinikizo hufunguka kuirudisha iliyozidi kwenye sampu.

Namba zinazohusika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Injini ya Cummins ya lita 5.9 ya mfululizo wa B, ambayo imeendesha pikapu, malori na mabasi katika nchi nyingi, inakubaliwa na mtengenezaji wake kuwa na psi 10, yaani paundi 10 kwa inchi ya mraba, ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na psi 30 kwenye kasi yake kamili. Kwa kilopaskali ni takriban 69 na 207. Kwa bar ni 0.7 na 2.1. Injini nyingine zina viwango vyao, na kitabu cha injini hiyo ndicho cha kufuatwa. Sasa linganisha na swichi ya taa nyekundu. Kwenye injini nyingi, swichi hiyo huwasha taa shinikizo linapokuwa limeanguka hadi bar 0.3 au 0.5 hivi. Lori lenye tani za mzigo linaweza kupanda mlima Kitonga, oili imechemka na kuwa nyepesi, shinikizo likawa nusu ya linalotakiwa kwa kasi ile, na taa isiseme neno. Itakapowaka, beringi zitakuwa zimeshaumia. Kwa injini mpya taa inatosha. Kwa lori lililokwisha kutembea kilomita laki saba, namwomba mwenye lori asiitegemee, afunge geji.

Geji ya kimakanika ni kifaa cha kuheshimiwa. Mfaransa Eugène Bourdon alisajili hataza yake mwaka 1849: mrija bapa uliopindwa, ambao hujaribu kunyooka shinikizo linapoingia, na kunyooka huko kukazungusha mshale. Haihitaji umeme na haina namna ya kubuni. Geji ya umeme hutegemea sensa iliyofungwa kwenye bloki, na nzuri zake ni nzuri kweli. Ila zipo zinazodanganya tangu kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Ford iliondoa sensa halisi kwenye pikapu zake za F-150 na kuweka swichi pamoja na kizuizi cha umeme, hivi kwamba mshale husimama katikati mradi kuna psi chache tu. Dereva huona mshale umetulia akafurahi, kumbe anaangalia taa iliyovaa sura ya geji.

Kufunga geji huanzia kwenye tundu la swichi. Hapo uangalifu unahitajika, kwa sababu hesi zinafanana. Injini nyingi za Kijapani hutumia hesi ya Kiingereza ya inchi 1/8 yenye meno 28 kwa inchi. Geji nyingi za Kimarekani huja na ya inchi 1/8 yenye meno 27. Zitaingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono, zitakaza kwa spana, kisha zitavuja au kuharibu bloki. Nunua adapta sahihi. Swichi ya taa isitupwe: weka kiungo cha umbo la T ili taa na geji vifanye kazi pamoja. Lakini T ya shaba yenye sensa nzito ikining'inia moja kwa moja kwenye bloki, mtikisiko wa dizeli utaikata shingo siku moja, na oili yote itamwagika barabarani. Toa mpira wenye nguvu kutoka kwenye bloki, T uifunge mahali imara. Sensa ya umeme hupata ethi kupitia hesi au bodi yake, kwa hiyo mkanda mweupe wa mafundi bomba unaweza kuinyima ethi, na vipande vyake vikaingia kwenye njia za oili. Iliyosimama mbali na bloki ivutiwe waya wake wa ethi. Kama geji ni ya mrija unaoingia hadi ndani ya kebini, upitishe kwenye raba pale unapotoboa bati, na uuache na mzunguko mmoja wa ziada ili mtikisiko usiupasue. Oili ya moto ikimwagikia miguu ya dereva ni ajali.

Kisha kusoma. Hakikisha wingi wa oili na daraja lake kwanza, kwa mfano 15W-40 kama kitabu kinavyotaka. Endesha lori hadi injini ipate joto la kazi, oili yenyewe ikiwemo, kwani maji huwahi kupata joto kuliko oili. Soma injini ikinguruma yenyewe, kisha kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Presha ikiwa ndogo kote, chunguza chujio la sampu, pampu, na oili iliyochanganyika na dizeli kabla ya kulaumu beringi. Ikiwa ndogo injini ikinguruma na nzuri ikikanyagwa, beringi ndizo za kwanza kushukiwa. Kuna mafundi wanaotia washa nyuma ya springi ya vali ya kupunguza shinikizo ili kupandisha presha. Springi hiyo huamua kikomo cha juu tu. Injini ikinguruma, vali imefungwa tayari, na washa haiongezi chochote pale penye ugonjwa. Oili nzito zaidi huinua mshale, lakini beringi zinabaki zilivyo.

Namba ile iandikwe kwenye daftari la lori kwa ukamilifu wake: shinikizo la oili, bar 1.1, injini moto, ikinguruma, 15W-40, kilomita 712,000. Mwezi ujao, kwenye hali hiyohiyo, iandikwe tena chini yake. Fundi atakayepewa daftari lenye mistari sita ya namna hiyo hatahitaji kuulizwa kama injini ifunguliwe sasa au isubiri msimu wa mavuno upite.