Herufi Moja Katika Damu

Mwaka 1904 kijana aliyekuwa akisomea udaktari wa meno, Walter Clement Noel kutoka kisiwa cha Grenada, alilazwa hospitalini Chicago. Daktari Ernest Irons alipoitazama damu yake kwa hadubini aliona seli nyekundu nyembamba, zimepinda kama mundu, mahali pa zile za mviringo alizozizoea. Mkuu wake, James Herrick, aliitangaza habari hiyo mwaka 1910, na selimundu ikaingia kwenye vitabu vya tiba vya Magharibi. Barani Afrika ilikuwa ikiua watoto kwa maelfu ya miaka.

Kwa nini seli ipinde, na kwa nini ugonjwa udumu? Majibu yalichukua karibu nusu karne, na moja muhimu lilipatikana Afrika Mashariki.

Mwaka 1949, nchini Marekani, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwa kutumia umeme kwamba himoglobini ya mgonjwa, yaani protini inayobeba oksijeni, si sawa na ya mtu mzima wa afya. Mwaka huohuo James Neel alithibitisha kuwa mgonjwa hurithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji, na kwa kawaida huishi bila kuumwa.

Hapo likazuka fumbo. Jeni inayoua watoto ingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi, mbona haikupungua?

Aliyelifumbua ni Anthony Allison, aliyekuwa amekulia Gilgil, katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949 alikusanya sampuli za damu nchini Kenya akiwa kwenye msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria alikuta jamii ambazo zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alikuwa mbebaji. Nyanda za juu wabebaji hawakufika hata 1 kati ya 100. Mtu aliyelelewa Kenya hakuhitaji kuambiwa kwamba huko kwenye wabebaji wengi ndiko pia kwenye mbu na malaria.

Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1953. Karibu na Kampala alipima watoto wadogo 290: vimelea vya malaria vilionekana kwa watoto 12 kati ya wabebaji 43, na kwa 113 kati ya 247 wasio wabebaji. Kisha akafanya jambo zito zaidi. Wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea waliambukizwa malaria kwa makusudi, nusu yao wakiwa wabebaji. Kati ya wabebaji 15, wawili tu ndio waliopata vimelea. Kati ya wenzao 15, walipata 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na fumbo likafumbuka: jeni ileile inayomwua aliyeirithi mara mbili humkinga na malaria aliyeirithi mara moja. Jina la Allison linajulikana duniani. Wale wanaume 30 walioiweka miili yao rehani hawatajwi, nao wanastahili heshima sawa na yake.

Kasoro yenyewe ilifichuliwa Cambridge, katika maabara ya Cavendish, ambako James Watson na Francis Crick walikuwa wameeleza umbo la DNA mwaka 1953 wakitegemea pia picha za eksirei za Rosalind Franklin. Humo mtafiti Vernon Ingram aliikatakata himoglobini vipandevipande, akalinganisha ya mgonjwa na ya mzima. Kufikia 1957 alikuwa ameona tofauti moja tu: asidi amino moja, yaani kijenzi cha protini, iliyopaswa kuwa glutamiki, ilikuwa valini.

Lugha ya DNA iliposomeka katika miaka ya 1960, chanzo kikawa wazi. Ndani ya uboho wa mifupa, kabla seli nyekundu haijatupa kiini chake, jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11 hunakiliwa kuwa RNA, na ribosomu huisoma nakala hiyo herufi tatutatu, kila tatu zikiita asidi amino moja. Katika jeni ya mgonjwa, palipopaswa kuandikwa GAG pameandikwa GTG. Basi valini huingia, na oksijeni inapopungua himoglobini hushikamana na kuwa nyuzi ngumu. Seli hupinda, huziba mishipa midogo, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni kwa zana iitwayo CRISPR. Nchini Marekani bei yake ilipotangazwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wa kwetu hawaifikii. Kinachowezekana ni haidroksiurea, dawa ya kumeza, ambayo utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na kuhusisha watoto wa Kilifi ulionyesha kwamba inapunguza maumivu, maambukizi na vifo. Serikali zetu ziifikishe hadi hospitali za wilaya. Nanyi wachumba, pimeni damu kabla ya ndoa: wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye selimundu.