Jiko la Kubebeka: Kutoka Mafiga ya Kaputiei hadi Hema la Kisaju

Jiko la kubebeka ni chombo kinachoshika moto ndani yake, kina mlango wa kupitishia hewa au kuni, na mtu mmoja aweza kukiinua. Katika uwanda wa Kaputiei, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, ambako Kisaju iko kando ya barabara ya Namanga kati ya Kitengela na Isinya, moto ni wa kale lakini jiko la namna hiyo ni mgeni. Ajabu ni kwamba halikuletwa na wafugaji waliohamahama, bali na watu waliokaa katika vyumba vya kupanga.

Wamaasai wa Kaputiei walipikia kwenye mawe yaliyopangwa katikati ya enkaji, nyumba ya fito iliyokandikwa kwa samadi na udongo na kujengwa na wanawake. Boma lilipohama, punda walibeba ngozi, vibuyu na fito zilizofaa kutumika tena. Mawe hayakuwa na haja ya kubebwa, kwani hayakosekani huko mbele. Ujuzi wenyewe ulikuwa katika kuni. Eluai, mgunga wenye vinundu unaotawala udongo mweusi wa uwanda huo, huwaka kwa joto kali na kuacha makaa mazuri. Oloirien, mzeituni wa mwituni, ulichomwa hadi kuwa kijinga cha kusafishia kibuyu, na maziwa yakapata harufu na ladha yake.

Mahema ya kwanza ya wasafiri wa Kizungu nayo hayakuja na jiko. Mwezi Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka kwenye kituo cha reli cha Kapiti, mashariki mwa Kisaju, akakuta msafara wa wapagazi wapatao 200 ukimngoja. Katika safari kama hizo moto uliwashwa mbele ya mahema, sufuria zikatelekwa juu ya mawe, na magogo yakaachwa yawake usiku kucha ili kuwafukuza wanyama. Kuni zilikuwa nyingi na wa kuzibeba walikuwapo, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kubana matumizi.

Sababu hiyo ilikuja na reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na katika miaka ya 1910 tawi la Konza hadi Magadi likapita Kajiado, mji ambao jina lake linatokana na Olkejuado, yaani mto mrefu. Wafanyakazi wa Kihindi wa reli ndio wanaotajwa kuwa walileta jiko la bati: kopo la chuma lenye wavu katikati, majivu yakianguka chini na makaa yakikaa juu. Mpangaji mwenye chumba kimoja hawezi kuweka mafiga sakafuni. Anahitaji moto wa kuwashia uani, kisha kuuingiza ndani ukishakolea na moshi umekwisha. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji walilifua jiko hilo kwa mapipa na vyuma chakavu, likaenea katika kila mji.

Kitengela nayo ikawa mji wa wapangaji. Ranchi ya kikundi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, wenyeji wakapata hatimiliki na wengi wakauza sehemu. Mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje iliundwa mwaka 1990, na wafanyakazi wa viwanda vya Athi River wakahitaji mahali pa kulala. Jiko la makaa liliingia pamoja na kitanda na sufuria, likafuata barabara hadi Kisaju.

Kasoro ya jiko la bati ni kwamba chuma hupitisha joto hadi nje, hivyo sehemu kubwa ya makaa huungua bure. Baada ya mafuta kupanda bei katika miaka ya 1970, na Umoja wa Mataifa kufanya mkutano wa nishati mbadala jijini Nairobi mwezi Agosti 1981, utafiti wa majiko ulipata msukumo. Kielelezo kilitoka Thailand, ambako watu walitumia jiko la ndoo lenye udongo wa kuchomwa ndani. Mbunifu Maxwell Kinyanjui na wenzake, pamoja na shirika la KENGO, walilibadilisha ili limfae fundi wa Nairobi: bati lililobanwa kiunoni, na chungu cha udongo kilichoshikizwa katika nusu ya juu. Makaa yalipungua kwa kati ya asilimia 30 na 50. Hakuna aliyepewa haki ya pekee ya kulitengeneza, mafundi wakashindana na bei ikashuka. Katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya majiko 700,000 ya aina hiyo yalikuwa yakitumika nchini.

Kuni zilifuata njia yake. Jiko la Kuni Mbili lilipanua umbo hilohilo ili lipokee vijiti badala ya makaa, nalo jiko la Upesi, lililoanza kama Maendeleo kupitia chama cha Maendeleo ya Wanawake na wafadhili wa Ujerumani, lilitumia kuta za udongo. Huko Marekani, Larry Winiarski alibuni muundo wa roketi katika miaka ya 1980: kijiti huingia kwa mlalo, na moto hupanda katika bomba fupi lililozuiwa kupoteza joto, ambamo moshi wenyewe huungua kabla ya kufikia sufuria. Majiko mengi ya kuni yanayotengenezwa sasa viwandani nchini Kenya yanafuata kanuni hiyo.

Katika nyumba za Kajiado zenyewe suala lilikuwa moshi. Kati ya mwaka 1998 na 2001 shirika la ITDG lilishirikiana na familia 50, nusu yao wa Kajiado na nusu wa magharibi mwa Kenya, kujaribu madirisha makubwa zaidi, nafasi chini ya paa na vifuniko vya kuvutia moshi nje. Vifuniko ndivyo vilivyofaa zaidi.

Historia hiyo ndiyo inayomwongoza mpiga kambi wa Kisaju anapochagua jiko. Jiko la makaa lenye udongo hushika joto muda mrefu na linafaa kwa chakula cha kuchemka polepole, lakini ni zito na udongo wake hupasuka likianguka. Jiko la roketi ni jepesi, hutosheka na vijiti vikavu na huchemsha maji haraka, ila linahitaji mtu wa kusogeza kuni kila mara. Kwa usiku mmoja au miwili hilo la pili hutosha.

Uwekaji unategemea uwanda. Upepo wa Kajiado ni mkali kiasi kwamba mitambo ya upepo ya Kipeto huutumia kuzalisha umeme, kwa hiyo jiko hukaa mahali upepo unapoelekea baada ya kupita hema, cheche zisirudi kwenye turubai. Udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kuteleza wakati wa mvua, hivyo miguu hukaa juu ya jiwe bapa, na nyasi kavu husafishwa pande zote. Mlango huelekezwa mahali upepo unapotoka, ikiwa upepo huo si mkali. Kuni zilizokauka ndizo hutumika, zile zilizoanguka zenyewe, maana miti hai ya uwanda imepunguzwa vya kutosha na makaa. Ndani ya hema jiko haliingii, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, kwa kuwa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu na huua mtu akiwa usingizini. Kabla ya kulala, majivu humwagiwa maji hadi yapoe mkononi.